Kompreshoni 120 Nairobi: kisa cha Subaru STI iliyohukumiwa kabla ya kusikilizwa

Gari ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2010, ile ya milango mitano ambayo wapenzi wake huiita GRB kwa herufi za chesisi. Lilishuka Mombasa mwaka 2017, likapewa namba za usajili za KC, na kufikia siku lilipotangazwa kuuzwa lilikuwa limepitia mikono ya wamiliki wawili. Dashibodi ilisoma kilomita 118,000. Bei ilikuwa shilingi milioni 2.6. Mnunuzi ni mwalimu kijana wa Thika, sehemu ya pesa akiba yake, sehemu mkopo wa sacco ambao angeulipa kwa miaka mitatu, gari likitembea au lisipotembea.

Aliponipigia simu alikuwa tayari ameshaliacha.

“Fundi, yule aliyelikagua ameniambia injini imekufa. Kompreshoni ni mia na ishirini.”

“Silinda moja au zote, mwalimu?”

“Zote nne.”

“Alipimia wapi?”

“Hapa Nairobi, Ngara.”

Majibu hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nimwombe asubiri kidogo. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimeona magari mazuri ya turbo (pampu inayoisukumia injini hewa zaidi) yakikataliwa kwa namba ya aina hii, na mabovu yakinunuliwa kwa sababu turbo “inapiga filimbi vizuri”. Mnunuzi huogopa turbo yenyewe. Katika injini hizi, turbo ni kati ya vitu vya mwisho vinavyopaswa kumkosesha usingizi. Hofu ingeelekezwa kwenye oili, na kwenye hewa na petroli inavyopimwa kabla ya kuungua.

Namba 120

Kipimo cha kompreshoni hakina siri. Unatoa plagi, unafunga geji kwenye tundu lake, unakanyaga pedali ya mafuta hadi chini na kuzungusha injini kwa stata, halafu unasoma presha ambayo pistoni imeweza kuibana. Lakini pistoni hubana hewa iliyopo pale ilipo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa huko ni takriban kilopaskali 82, wakati Mombasa ni 101. Hiyo ni kama asilimia 81. Kwa hiyo injini moja, bila kubadilishwa hata nati, ikisoma psi 150 ukiwa Likoni itasoma karibu 122 ukiwa Ngara.

Kwa injini za turbo za lita 2 za familia hii, kiwango cha kitabu ni kama psi 140 hadi 170. Kihesabu kwa hewa ya Nairobi na unapata takriban 114 hadi 138. Fundi wa kwanza alikuwa ameandika namba zake kwenye kipande cha karatasi, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu wengi hawaandiki: 121, 124, 122, 119. Zote ziko ndani ya kiwango. La maana zaidi, zimekaribiana. Pistoni iliyopasuka kingo za ringi au vali iliyoungua huangusha silinda moja na kuziacha nyingine. Injini iliyochakaa sawasawa kwenye silinda zote nne ipo, lakini ingekuwa inatoa moshi wa buluu na kumaliza oili kwa kasi ambayo muuzaji asingeweza kuificha.

Fundi yule si mtu mbaya wala mjinga. Alitumia namba ya kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, na hakuna aliyemwambia. Mafundi wa Nakuru, Eldoret na Limuru wanatumia namba hiyohiyo ya kitabu kila wiki, na huko juu zaidi ya Nairobi kosa ni kubwa zaidi.

Hata hivyo kompreshoni peke yake isingenitosha kumwambia mwalimu atoe pesa. Ringi zinaweza kubana vizuri kwa sekunde chache za stata na bado pistoni ikawa na ufa unaoanza. Ndiyo maana nilitaka kipimo cha pili, cha uvujaji, ambapo unajaza silinda hewa ya kompresa pistoni ikiwa juu na kupima ni asilimia ngapi inatoroka na inatokea wapi. Kipimo hicho hakitegemei mwinuko kwa namna ile, kwa sababu hewa unaileta wewe.

Masharti tuliyoweka

Nilimwomba mwalimu azungumze na muuzaji kabla hatujafika kwake Ruaka: gari lisiwashwe tangu jana usiku, turuhusiwe kutoa plagi, na tuibadilishe oili kwa gharama yetu, oili mpya na filta mpya, tukibaki na ile ya zamani. Muuzaji alishangaa kidogo na la tatu, lakini nani anakataa sevisi ya bure? Ningeshauri kila mnunuzi wa gari la turbo alipe hiyo oili. Hakuna pesa ndogo inayonunua habari nyingi kama hiyo.

Boneti ilikuwa baridi tulipofika. Kwanza nilichomoa kijiti cha oili, na oili ilikuwa chini ya alama ya chini kabisa.

“Bosi, hizi gari hula oili, ni kawaida yao,” muuzaji akaniambia.

Ni kweli kwamba nyingi hula. Ila injini hii hubeba lita nne na ushei tu, na kati ya alama mbili za kijiti kuna takriban lita moja. Anayeendesha chini ya alama ya chini amekosa karibu robo ya oili yote. Injini ya Subaru ni boksa, pistoni zimelala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, na sampu yake, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni ya kina kifupi. Ukiingia kona kwa kasi na oili ikiwa pungufu, oili hukimbilia upande mmoja, bomba la kufyonza likavuta hewa, na biringi za konrodi zikazunguka kwa muda mfupi bila utando wa oili. Haihitaji kutokea mara nyingi. Zile injini za STI unazosikia “zimenoki” Thika Road, nyingi zilianza hivi, miezi kabla ya kelele kusikika.

Tuliiwasha. Kulikuwa na mlio mkavu wa pistoni baridi kwa dakika moja hivi, kisha ukafifia kadiri injini ilivyopata joto. Huo haunitishi. Ninaoutafuta ni mlio mzito wa biringi inayogonga, ambao haupotei na joto. Injini ikishapata moto, unapandisha mizunguko polepole hadi 2,500 hivi, unaachilia, na unasikiliza wakati inashuka. Biringi iliyolegea hujisema pale. Hii haikusema kitu.

Ndani ya filta

Filta ya zamani ilikatwa kwa kikataji cha mviringo. Msumeno haufai, kwa sababu unamwaga unga wake wa chuma ndani na baadaye huwezi kujua chuma ni cha nani. Tulitoa karatasi ya ndani, tukaikamua, tukaitandaza juani na kuigeuza polepole. Chuma cha kawaida hushika sumaku. Tabaka la biringi halishiki. Hung'aa kama vumbi la dhahabu au fedha kwenye mikunjo, na ukiliona hilo mazungumzo yameisha, funga boneti, mshukuru mwenye gari, nendeni mkanywe chai.

Hapakuwa na kumeta. Kulikuwa na kitu kingine ambacho sikukitarajia: vipande laini vya kijivu, virefu kama makombo ya tambi. Silikoni ya gasketi. Kuna mtu aliwahi kushusha sampu, akairudisha akiwa amepaka silikoni kwa ukarimu kupita kiasi, na ile iliyofurika ndani ilikatika na kuanza kuzunguka na oili. Silikoni haiui biringi. Inachofanya ni kwenda kuziba wavu wa bomba la kufyonza chini ya sampu, na hapo ndipo oili inapokosa njia.

Nilimuuliza muuzaji nani alishusha sampu na kwa nini. Hakujua, na nilimwamini, kwa sababu alikuwa na gari kwa mwaka mmoja tu. Lakini swali lilibaki mezani. Sampu haishushwi kwa sevisi ya kawaida. Inashushwa kwa sababu ilivuja, iligonga jiwe, au mtu alikuwa anatafuta kitu. Kwa chini tuliona alama ya zamani ya kugongwa iliyonyooshwa, jambo linalowezekana kabisa kwa gari lililotembea barabara za vumbi za Kiambu. Nikaliweka katika hesabu kama gharama ya lazima: bomba la kufyonza libadilishwe kabla gari halijaendeshwa kwa nguvu. Lile la asili limeunganishwa kwa kulehemu, na kiungo hicho kinajulikana kupasuka kwa mtetemo hata pale ambapo hakuna silikoni.

Turbo yenyewe

Hapa nitapita haraka, kwa sababu ilikuwa nzima. Tulifungua mpira wa kuingizia hewa na kushika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa vile shafti huelea kwenye utando wa oili na bila presha ya oili inakosa cha kuishika. Kusogea mbele na nyuma hakutakiwi kuhisika. Mapanga hayakuwa na alama za kugusa nyumba yake. Ndani ya intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, kulikuwa na utando mwembamba wa oili, ambao magari karibu yote ya umri huu huwa nao kutokana na mvuke wa injini.

Kitu kimoja tu kinastahili maelezo. Katika injini nyingi za familia hii zenye AVCS, mfumo wa kubadilisha muda wa vali kufunguka, oili ya turbo hupitia boliti yenye wavu mdogo sana ndani. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, tope huziba wavu huo. Turbo hufa kwa kiu, mwenye gari ananunua nyingine, nayo inakufa vilevile, na vipande vyake vinaingia kwenye oili na kuua injini. Nimemwona mtu akilaumu turbo mbili za watu wawili tofauti wakati kosa lilikuwa kwenye boliti moja. Ya gari hili ilikuwa na tope jembamba la kahawia, haijaziba. Yeyote anayebadilisha turbo ya Subaru aanze hapo.

Muuzaji alisifu kifaa cha kuchelewesha injini kuzima ambacho mmiliki wa kwanza alikifunga. Kwa Subaru si lazima. Tangi dogo la maji limewekwa juu ya turbo, na injini ikizimwa maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi kushuka, yakiendelea kuipoza. Ukiendesha kwa upole kilomita mbili tatu za mwisho kabla ya nyumbani, umefanya kazi yote ya kifaa hicho.

Kompyuta ilichosema

Hadi hapo gari lilionekana kuwa na afya kuliko sifa zake. Tatizo halisi lilijitokeza tulipochomeka waya chini ya dashibodi na kufungua RomRaider kwenye laptopu, programu ya bure inayosoma kompyuta za Subaru.

Kompyuta ya gari hili hujiwekea kipimo cha imani juu ya petroli na hali ya injini, namba inayofika 1 mambo yakiwa shwari. Kila inaposikia, kupitia sensa iliyofungwa kwenye injini, kwamba mafuta yanalipuka ghafla ndani ya silinda badala ya kuungua kwa utaratibu, inaahirisha cheche, na hali ikiendelea inaishusha namba hiyo. Tulikuta 0.6 na kidogo. Yaani injini ilikuwa ikijitetea kwa muda mrefu. Mlipuko wa ghafla ndio unaovunja kingo za ringi za pistoni na kupondaponda biringi, na dereva mara nyingi hausikii kabisa, hasa akiwa na ekzosi ya kelele.

Namba ya pili: kompyuta ilikuwa ikiongeza petroli asilimia 9 kwenye mwendo wa kawaida. Ilikuwa inaona hewa kidogo kuliko ile inayoingia kweli. Ama kuna uvujaji wa hewa baada ya sensa, ama sensa inadanganywa. Tulipuliza moshi kwenye mabomba, hakuna uvujaji. Basi tukatazama pale ambapo boksi la asili la klina ya hewa lilipaswa kuwa. Palikuwa na klina ya wazi ya umbo la koni, na bomba pana la alumini ambalo sensa ya hewa ilikuwa imehamishiwa.

Sensa hiyo haihesabu hewa yote. Inapima mwendo wa hewa katikati ya bomba, na kompyuta, ikiujua upana wa bomba la asili, inakadiria iliyobaki. Panua bomba na hewa inapunguza mwendo, kama mto unapofika bondeni, na sensa inaripoti hewa kidogo ingawa inayopita ni ileile au zaidi. Kwenye mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni kwenye ekzosi husahihisha. Ukikanyaga mpaka chini, masahihisho ya papo kwa papo hayapo, na injini inakula hewa nyingi kwa petroli chache wakati presha ya turbo iko juu kabisa. Joto linapanda na mlipuko unaanza. Klina ya namna hii inawezekana, ila lazima ramani ya kompyuta, yaani majedwali yake ya petroli na cheche, irekebishwe kwa ajili yake. Tulisoma namba ya programu iliyomo: ilikuwa ya kiwandani, haijaguswa. Mtu alinunua bomba kwa ajili ya sauti, akaishia hapo.

Ongeza petroli. STI ya Japani ilipangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya kule (oktani ni uwezo wa petroli kuhimili mlipuko wa ghafla), na injini yake ya lita 2 hutoa farasi 308 kwa kuitegemea hiyo. Super ya kawaida ya pampu zetu ina oktani ya chini zaidi. Hewa nyepesi ya Nairobi husaidia kidogo, kwa sababu silinda hazijai kama Pwani, na nadhani ndiyo iliyoiokoa injini hii. Gari hilohilo lingeshushwa Mombasa Desemba, likiwa limejaa familia, super ya kawaida kwenye tangi na bomba lile pana, nisingelitolea dhamana hata kufika Mtito Andei.

Hapo mwalimu aliniuliza swali ambalo lilikuwa zuri kuliko yote ya siku hiyo: “Kwa hiyo injini ni nzima, ila inauawa?”

Ndivyo hasa.

Silinda ya nne

Kipimo cha uvujaji kilitupa asilimia 8, 9 na 8 kwa silinda tatu za kwanza. Ya nne, ile ya nyuma kushoto karibu na ukuta wa kabini, ilitoa 14, na ukitega sikio kwenye mdomo wa kujazia oili unasikia hewa ikivuma. Inapita kwenye ringi. Asilimia 14 si ugonjwa. Lakini silinda ya nne ndiyo inayojulikana kuumia kwanza katika injini hizi, ndiyo inayosemekana kuwa na joto zaidi, na gari hili lilikuwa na sababu ya wazi ya kuiumiza. Plagi yake ilikuwa nyeupe kuliko wenzake. Sikuona chembe za alumini juu yake, ambazo zingekuwa alama ya pistoni kuanza kuyeyuka.

Ningekuwa nimeona 25, au silinda moja ikisoma kompreshoni 95 huku nyingine zikiwa 120, ningemwambia mwalimu aondoke hata kwa nusu bei. Kufungua injini ya boksa ni kuitoa yote, na makadirio tuliyoomba kwa injini nyingine kutoka Japani, na kazi, yalikaribia robo ya bei ya gari. Ningemwambia vivyo hivyo kama kompyuta ingekuwa na ramani ya kurusha moto. Vijana wanaipenda sana, na naelewa raha ya ule mlio, lakini petroli inayoachwa kuungua ndani ya ekzosi hupika vali na gurudumu la turbo kila unapoachilia pedali. Gari lililoishi hivyo miaka miwili siligusi.

Mengine yalikuwa ya kawaida. Nakala ya karatasi ya mnada wa Japani, tuliyoitafuta kwa namba ya chesisi, ilionyesha gredi 4 na kilomita 71,000 mwaka 2017, hivyo dashibodi ilikuwa ya kweli. Giaboksi ya gia sita iliingia bila kulalamika, nayo ni imara kuliko ile ya gia tano ya WRX za kawaida. Klachi ilishika gia ya tano kwenye mwendo mdogo. Matairi ya mbele na nyuma yalikuwa ya kampuni tofauti na kimo tofauti, kitu kinachochosha difu ya katikati ya gari la magurudumu manne. Kununua manne yanayofanana ni lazima. Taimingi belti ndiyo iliyonihangaisha. Hubadilishwa kwenye kilomita 100,000, Wajapani hubandika stika wakishaibadilisha, na hapakuwa na stika wala risiti. Ikikatika, pistoni hukutana na vali. Isipothibitishwa imebadilishwa, ihesabu kwamba haijabadilishwa.

Makubaliano

Tulimweleza muuzaji kila kitu mbele ya gari, laptopu ikiwa wazi. Sipendi kumficha muuzaji kasoro ili kumshusha bei kwa ujanja. Ana haki ya kujua anachouza. Alikuwa ameshapoteza wanunuzi wengine kwa ile hadithi ya “kompreshoni imekwisha”, na kumweleza kuhusu mwinuko kulimrudishia moyo. Boksi la asili la klina alishaliuza mmiliki wa kwanza. Tukalipata la mtumba Kirinyaga Road, pamoja na bomba lake la sensa.

Makubaliano yaliandikwa kwa wakili: mwalimu anatoa amana, boksi la asili linafungwa, kumbukumbu za kompyuta zinafutwa, petroli ya oktani ya juu inajazwa, gari linaendeshwa kilomita mia kadhaa kwa mwendo wa kawaida kisha tunasoma upya. Namba isiporudi 1, amana inarudishwa. Ikirudi, bei ni milioni 2.2, tofauti ikienda kwenye belti, bomba la sampu na matairi. Muuzaji alikubali baada ya kulala na jambo hilo.

Namba ilirudi 1. Nyongeza ya petroli ilishuka kutoka asilimia 9 hadi 2. Tulilipeleka barabara ya Limuru, kupanda mlima kwa gia ya tatu, pedali chini, mwalimu akiendesha nami nikisoma. Kompyuta haikuahirisha cheche. Kisha, kwa makusudi, tulirudia wiki iliyofuata na super ya kawaida, na masahihisho madogo yakaonekana juu ya mizunguko 3,500. Hilo limeamua gari litakunywa nini maisha yake yote yaliyobaki.

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena kwa Impreza. Kuna kizazi kizima cha Wakenya kilichosimama kando ya vumbi hilo, au kilicholelewa na waliosimama, na mwalimu ni mmoja wao. Nataja hili kwa sababu mapenzi hayo ndiyo yanayowafanya watu walipe bila kuangalia, na ndiyo pia yanayomfanya mtu kama yeye akubali kungoja wiki mbili kwa ajili ya namba moja kwenye skrini.

Baada ya logibuku kuhamishwa tulishusha sampu. Wavu wa kufyonza ulikuwa na nyuzi za silikoni zilizoziba karibu theluthi yake. Bomba lilikuwa bado zima kwenye kiungo, tuliweka jipya. Belti, pampu ya maji na rola zake zilibadilishwa. Ile ya zamani ilikuwa na nyufa ndogo mgongoni na chapa ya Kijapani, pengine ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Boliti ya oili ya turbo ilisafishwa na kupewa wavu mpya.

Sasa mwalimu hupima oili kila anapojaza tangi, na hubadilisha kila kilomita 5,000. Kwenye daftari la gari tumeandika namba za kompreshoni na za uvujaji, tukaandika pembeni “zimepimwa Nairobi”, ili fundi wa Mombasa au wa Eldoret asizilinganishe bila hesabu. Silinda ya nne itapimwa tena plagi zikibadilishwa. Ikibaki karibu na 14, gari liendelee. Ikipanda kuelekea 20, nimemwomba asisubiri kelele, alete tufungue wakati bado ni suala la pistoni na ringi.